Kununua Mashine Kuukuu ya Kupakia Udongo
Somo kwa wakulima wa skimu na vikundi vyao



Kuna vikundi vya wakulima wa skimu ambavyo vimeweka akiba kutokana na maziwa, chai au mchele, na sasa vinatafuta kazi nyingine ya kuongeza pato. Kazi moja inayozungumzwa sana ni kununua mashine ndogo ya kupakia udongo na kuikodisha kwa watu wanaojenga. Mashine mpya ni ghali mno, basi watu hutazama zile zilizokwisha tumiwa. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua mashine ya namna hiyo bila kupoteza akiba ya kikundi, wala shamba lako.

Tumechukua Kiuu, katika Ruiru, kuwa mfano. Jina la Ruiru mkulima hulijua kwa sababu ya kahawa ya Ruiru 11, ambayo kituo cha utafiti cha huko kilianza kuwapa wakulima mwaka 1985. Lakini nchi ile imebadilika. Barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika ilipanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, na mashamba mengi ya kahawa yamekatwa kuwa viwanja vya nyumba. Kiuu, upande wa Githurai, nyumba zimekaribiana sana. Mwenye nyumba akimaliza kujenga, anataka ua wake usawazishwe, kifusi kiondolewe, mfereji wa maji ya mvua uchimbwe, kabro zilazwe na nyasi zipandwe. Lango lake ni jembamba, na trekta kubwa haliwezi kugeuka ndani. Hapo ndipo mashine ndogo hupata kazi.

Shika neno hili moja kabla ya yote: bei ya mashine si ile fedha unayompa mwuzaji. Bei yake ya kweli ni gharama ya kila saa itakayofanya kazi, tangu siku utakapoinunua mpaka siku utakapoiuza. Mashine ya bei ndogo inayosimama kila juma ni ghali kuliko mashine ya bei kubwa inayofanya kazi.

MASHINE HII NI YA NAMNA GANI?

Watu wengi huiita Bobcat, hata kama imetoka katika kiwanda kingine. Ina magurudumu manne yasiyokata kona. Magurudumu mawili ya kushoto huenda pamoja, na mawili ya kulia huenda pamoja. Dereva akitaka kugeuka, huharakisha upande mmoja na kupunguza au kurudisha nyuma upande wa pili, na mashine huteleza ikazunguka mahali pake. Mbele ina ndoo ya chuma, nayo hushikwa na mikono miwili inayopita kando ya dereva.

Mashine hii ilizaliwa shambani. Mwaka 1957, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mfugaji wa batamzinga alitaka mashine ndogo ya kuondoa mbolea katika banda lake lenye nguzo nyingi. Ndugu wawili mafundi, Louis na Cyril Keller wa kijiji cha Rothsay, walimtengenezea mashine ya magurudumu matatu. Mwaka 1958 kampuni ya Melroe ikawachukua pamoja na kazi yao, mwaka 1960 ikatoka mashine ya magurudumu manne, na mwaka 1962 ikapewa jina la Bobcat. Basi usifikiri ni mashine ya mjini tu. Kazi ya viwanja ikipungua, yaweza kusafisha banda la ng'ombe, kuchimba shimo la kuhifadhia majani ya mifugo, na kupakia mbolea katika trela.

FUNZO LA KONGWA

Watu wa Afrika Mashariki walikwisha ona hasara ya kununua mashine kuukuu kwa haraka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, ikianzia Kongwa, karibu na Dodoma. Walikusudia kulima eka zaidi ya milioni 3. Wakati huo, baada ya vita, matrekta mapya hayakupatikana upesi, kwa hiyo wakanunua mengi yaliyokuwa ya jeshi la Marekani na ambayo yalikuwa yamelala huko Ufilipino.

Mengi ya matrekta hayo yalifika yamechoka. Spea zilikuwa haba, mafundi walikuwa wachache, na madereva walikuwa wangali wanajifunza. Udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, nao ulikula vyuma. Kabla mwaka 1947 haujaisha, matrekta mengi yalikuwa yamesimama. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36.

Kosa la Kongwa halikuwa kununua kitu kilichotumika. Kosa lilikuwa kununua bila kukagua, bila kujua udongo, bila spea na bila fundi. Serikali kubwa iliweza kubeba hasara ile. Mkulima wa eka 10 hawezi.

KWANZA HESABU, KISHA MASHINE

Wengi huenda kutazama mashine kwanza, wakaipenda, kisha wakatafuta hesabu ya kuwakubalia. Wewe anza na hesabu. Chukua karatasi, andika mambo haya sita: fedha itakayopotea kwa mashine kuzeeka, riba ya mkopo, dizeli, ujira wa dereva, mafuta ya injini na grisi, na fedha ya matengenezo pamoja na matairi.

Huu ni mfano wa kujifunzia tu. Wewe weka bei za mahali pako. Tuseme kikundi kimenunua mashine kwa sh. 1,800,000, nacho kinatumaini kuiuza baada ya miaka 3 kwa sh. 900,000. Kila mwaka mashine hupoteza sh. 300,000. Tuseme pia kuna mkopo wa sh. 1,000,000, na riba ni sh. 150,000 kwa mwaka. Kila saa ya kazi hula dizeli ya sh. 1,000, ujira wa dereva sh. 250, mafuta na grisi sh. 100, na kikundi huweka sh. 600 kwa matengenezo na matairi.

Mashine ikifanya kazi saa 600 kwa mwaka, hesabu ya saa moja ni hii:

Kuzeeka kwa mashine: sh. 500
Riba: sh. 250
Dizeli: sh. 1,000
Dereva: sh. 250
Mafuta na grisi: sh. 100
Matengenezo na matairi: sh. 600
Jumla: sh. 2,700

Sasa tuseme kazi ni haba, na mashine inafanya saa 200 tu kwa mwaka. Kuzeeka kwa mashine kunakuwa sh. 1,500 kwa saa, na riba sh. 750. Mengine hayabadiliki. Jumla inafika sh. 4,200 kwa saa. Mashine ni ile ile, mkopo ni ule ule, lakini kila saa imepanda kwa sh. 1,500. Kama watu wa Kiuu hulipa sh. 3,500 kwa saa, kikundi cha kwanza kinapata faida ya sh. 800, na kikundi cha pili kinapoteza sh. 700 kila mara dereva anapofanya kazi saa moja.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, nenda ukaulize. Zungumza na wajenzi, wauzaji wa kabro na watu wa lori za mchanga. Uliza wanalipa kiasi gani, na ni siku ngapi katika mwezi wanahitaji mashine. Kumbuka mvua za masika, kuanzia Machi mpaka Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Siku za matope makubwa mashine husimama, lakini riba haisimami. Tena mashine hii si ya kwenda mbali barabarani. Hubebwa juu ya lori. Ikiwa italala skimu na kazi iko Ruiru, nauli ya lori iingie katika hesabu.

CHAGUA MASHINE INAYOFAA KAZI NA UDONGO

Nguvu ya kubeba. Kila mashine ina uzito ambao ikiubeba huanza kupinduka mbele. Kwa mashine za magurudumu, uzito wa kazi ya kila siku ni nusu ya ule wa kupinduka. Mashine inayopinduka kwa kilo 1,400 ifanye kazi kwa kilo 700. Udongo wenye unyevu huweza kufika kilo 1,700 kwa mita moja ya ujazo, basi ndoo ya mita 0.4 za ujazo hubeba kama kilo 680. Ukiweka ndoo kubwa kuliko hiyo juu ya mashine hiyo, unatafuta ajali.

Mikono. Mashine nyingine mikono yake hupanda kwa kupinda kama upinde. Hizi ni nzuri kwa kuchimba na kusawazisha. Nyingine mikono hupanda karibu wima, nazo hufaa zaidi kumwaga mchanga ndani ya lori refu. Kama kazi yako ni nyua na bustani, aina ya kwanza yatosha. Kama kazi yako ni kupakia lori, pima ubavu wa lori kwanza, kisha ona kama ndoo inaupita.

Upana. Pima malango ya Kiuu kabla ya kupima mashine. Mashine nyingi za kadiri zina upana wa mita 1.5 hadi 1.8 pamoja na ndoo. Mashine isiyopita langoni haina faida kwako, hata ikiwa na nguvu za ajabu.

Magurudumu au mikanda. Katika Ruiru, upande wa magharibi una udongo mwekundu, na ukienda mashariki na kuelekea Juja unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo mweusi ukilowa hunata katika ndoo na kushika matairi. Mashine yenye mikanda ya mpira badala ya matairi hutembea vizuri katika matope, lakini mikanda ni ghali, na mawe makali huikata upesi. Kwa mtu anayeanza, anayefanya kazi juu ya changarawe, kokoto na sakafu za saruji, matairi yafaa zaidi.

Vifaa vya mbele. Mashine nyingi zina bamba la kubadilishia vifaa, ili uweze kuondoa ndoo na kuweka uma wa kubebea kabro, reki ya kusawazisha, au keekee ya kuchimba mashimo ya nguzo. Hakikisha bamba hilo ni la kawaida, linalokubali vifaa vya viwanda vingine. Lakini usinunue vifaa vitano siku ya kwanza. Ndoo nzuri na uma vinatosha mpaka kazi ikuonyeshe unachohitaji.

NAMNA YA KUIKAGUA

Nenda na fundi asiyejuana na mwuzaji, umlipe ujira wake wa siku. Nenda asubuhi, na umwambie mwuzaji mapema kwamba hutaki injini iwashwe kabla hujafika. Usidanganyike na rangi mpya. Rangi juu ya mahali palipopasuka haiunganishi chuma.

1. Mita ya saa. Mashine huhesabiwa kwa saa, si kwa maili. Saa 2,000 au 3,000 si nyingi kwa mashine iliyotunzwa. Ikipita 5,000 jiandae kwa matengenezo makubwa. Lakini mita yaweza kuharibika au kubadilishwa. Tazama kanyagio, kiti na vishikio. Vikiwa vimelika mpaka chuma, na mita inasema saa 900, amini kanyagio.

2. Injini ikiwa baridi. Shika injini kwa mkono. Ikiwa ina moto, mwuzaji ameiwasha kabla yako. Uliza kwa nini. Pima mafuta kwa kijiti. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Fungua kifuniko cha rejeta wakati injini ni baridi tu, utazame kama mafuta yanaelea juu ya maji.

3. Kuwasha na moshi. Injini nzuri huwaka bila kusumbua betri. Moshi mweupe wa asubuhi ukiisha mara moja si neno. Ukidumu hata injini ikipata moto, kuna dizeli isiyoungua au maji ndani. Moshi wa buluu ni mafuta ya injini yanaungua, injini imechoka. Moshi mweusi usiokwisha huenda ni kichujio cha hewa kilichoziba, nacho ni rahisi, au ni noza, nazo si rahisi. Kisha legeza kifuniko cha mafuta ya injini: mvuke ukitoka kwa nguvu kama sufuria inayochemka, ringi zimelika.

4. Chuma. Zima injini. Safisha kwa brashi ya waya viungo vya mikono, bamba la kubadilishia vifaa na pembe za fremu. Tafuta nyufa na mahali palipochomelewa zamani. Kuchomelea vizuri si dhambi, lakini kuchomelewa mara tatu mahali pamoja ni onyo.

5. Pini na bushi. Hapa ndipo unapoona kama mwenyewe alikuwa akitia grisi. Ndoo ikiwa chini, tikisa mahali mikono inapoishika. Ikicheza sana na kugonga, pini na bushi zimelika. Zaweza kubadilishwa, lakini ikiwa tundu lenyewe limepanuka, gharama ni kubwa.

6. Mafuta ya pampu. Mikono na magurudumu huendeshwa na mafuta yanayosukumwa na pampu. Mafuta hayo yasiwe na harufu ya kuungua wala rangi ya maziwa. Tazama vyuma vinavyong'aa vya silinda: vikiwa na mikwaruzo mirefu, mafuta yatavuja. Tazama mipira yote. Usitafute tundu la mpira kwa kidole. Mafuta yenye nguvu hupenya ngozi, na jeraha dogo laweza kukupotezea mkono. Tumia kipande cha katoni.

7. Jaribio la moto. Hili ndilo jaribio kubwa, na wanunuzi wengi huliacha kwa haraka. Mashine yenye pampu mbovu hufanya kazi vizuri dakika kumi za kwanza, kisha mafuta yakipata moto huwa mepesi na nguvu hupotea. Ifanyishe kazi ya kweli kwa dakika 40: chimba, beba, geuka pande zote mbili. Kisha fanya mambo matatu. Kwanza, kandamiza ndoo chini. Magurudumu ya mbele yainuke. Pili, sukuma ndoo katika rundo la udongo, magurudumu yateleze. Magurudumu yakisimama na injini haionyeshi kuelemewa, pampu au mota za kuzungushia zimechoka. Tatu, endesha moja kwa moja mbele. Ikivuta upande mmoja, na matairi yana upepo sawa, upande huo ni dhaifu.

8. Mikono inashuka? Inua ndoo iliyojaa kadiri ya mita moja, acha vishikio, ngoja dakika tano. Mtu asisimame karibu. Ikishuka sana, mafuta yanapita ndani ya silinda au vali.

9. Cheni. Mashine nyingi za magurudumu hupeleka nguvu kwa cheni zilizo ndani ya sanduku lenye mafuta. Inua upande mmoja kwa jeki, weka magogo imara, zima injini, tikisa kila gurudumu. Likicheza sana, cheni imelegea au imelika. Chota mafuta ya sanduku hilo. Ukiona chembe za chuma, ondoka.

10. Matairi. Kwa sababu mashine hugeuka kwa kuteleza, hula matairi upesi. Yote manne yawe ya kipimo kimoja. Matairi mawili makubwa na mawili madogo huvunja cheni. Yakiwa yamekwisha, uliza bei ya mapya manne na uitoe katika bei ya mashine.

Fundi wako aandike kila kasoro na bei ya kuitengeneza. Karatasi hiyo ndiyo utakayozungumza nayo unapopatana bei, si maneno ya mdomo.

SPEA NA KARATASI

Kabla ya kulipa, piga simu au nenda kwa wauza spea wa Nairobi na Thika. Wape aina ya mashine na namba yake, uwaulize bei ya vichujio, bushi za ndoo, cheni na pampu moja ya kuendeshea magurudumu. Ikiwa hakuna anayeuza pampu hiyo, au itangojwa miezi miwili kutoka ng'ambo, usiinunue mashine hiyo hata ikiwa nzuri. Kumbuka Kongwa.

Kisha tazama bamba la namba katika fremu. Namba hiyo na ya injini zilingane na karatasi za mwuzaji. Bamba likiwa limekwanguliwa, rudi nyumbani. Kama mashine ina logbuku, jina lililomo liwe la mtu anayekuuzia. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu rehani ya mali inayohamishika, Kenya ina daftari la serikali la mali iliyowekwa rehani. Fanya uchunguzi huko, ili usinunue mashine ambayo bado ni dhamana ya deni la mtu mwingine. Lipa kwa benki, wala usilipe kwa fedha mkononi, na mkataba uandikwe mbele ya mashahidi.

DENI NA SHAMBA LAKO

Wakulima wa skimu walijua neno mkopo mapema. Skimu za eka milioni moja zilipoanza mwaka 1962, mkulima alipata shamba pamoja na deni la ardhi na la maendeleo. Wengi waliona kwamba deni lina tarehe, lakini mvua haina.

Kwa hiyo fikiri sana kabla hujaweka hati ya shamba kuwa dhamana ya mashine. Mashine huzeeka kila siku. Shamba halizeeki. Ukiweka kisichozeeka kuwa dhamana ya kinachozeeka, na kazi ikakosekana mwaka mmoja tu, unaweza kubaki na mashine mbovu bila mahali pa kuiegesha. Ni afadhali kuomba mkopo ambao dhamana yake ni mashine yenyewe, au kukopa katika chama cha akiba kwa dhamana ya hisa za wanachama, hata kama mtanunua mashine ndogo zaidi.

Sheria pia inakulinda. Shamba la kilimo haliwezi kuwekwa rehani bila kibali cha bodi ya ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967. Na kwa sheria za ardhi za mwaka 2012, nyumba ya mume na mke haiwekwi rehani na mmoja wao bila mwenzake kukubali. Usiione mikutano hiyo kuwa usumbufu. Mke anayeuliza, "Mashine isipopata kazi, watoto watakula wapi?" ameuliza swali ambalo mwuzaji hatakuuliza.

Mwisho wa hesabu, msitumie akiba yote kununua. Katika kila shilingi 5 mlizo nazo, bakizeni moja kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Mashine kuukuu huonyesha kasoro zake kwa mwenyeji mpya.

USALAMA WA DEREVA NA WATU

Dereva huingia kwa mbele, kupitia chini ya mikono. Kwa hiyo asiingie wala kutoka ndoo ikiwa juu, isipokuwa vyuma vya kuzuia mikono vimewekwa. Mkanda wa kiti na chuma cha mapajani havifungwi kwa kamba ili visisumbue. Mashine ambayo mwenyewe amevifunga hivyo ilitumiwa vibaya na katika mambo mengine pia. Ndoo ibebwe chini, karibu na ardhi. Penye mteremko, upande mzito uelekee juu: ndoo ikiwa tupu, panda kinyumenyume, ndoo ikiwa imejaa, panda kwa mbele. Kiuu watoto hucheza karibu na nyumba, na dereva haoni vizuri nyuma. Mtu mmoja asimame langoni kuwazuia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mashine yetu itapata kazi saa ngapi kwa mwaka? Ni nani tuliyemwuliza?
2. Gharama ya saa moja ni kiasi gani, na watu hulipa kiasi gani?
3. Tumefanya jaribio la moto la dakika 40, au tumewasha tu na kuzima?
4. Pampu ikivunjika leo, spea itatoka wapi, na itafika lini?
5. Ni nini tulichoweka kuwa dhamana, na tukikosa kulipa ni nani atakayepoteza?

Kikundi kikijibu yote matano kwa namba, si kwa matumaini, basi kiende kununua. Kama jibu moja limekosekana, ngojeni. Mashine nyingine itapatikana mwezi ujao, lakini shamba likienda ni shida kulirudisha. Haraka haraka haina baraka.

Ukiwa na shaka juu ya hesabu, mpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lako, au ofisa wa vyama vya ushirika, aitazame pamoja nawe kabla hujatia sahihi.